Miaka ya Mchezaji ni Mali ya Nani?

Karatasi yenyewe haikuzidi kurasa tatu, imepigwa chapa kwa herufi ndogo zilizobanana, na ililetwa barazani petu Kibokoni, katika mji wa kale wa Mombasa, na mama mmoja mjane ambaye huuza mahamri asubuhi na viazi karai jioni, na ambaye binti yake wa kidato cha pili amekwisha kuwapita kaka zake wawili kwa kimo na, kwa kauli ya kila aliyemwona uwanjani, ana mkono usio na mfano katika mpira wa wavu. Klabu moja ya bara imejitolea kumlipia karo, malazi, sare na matibabu katika shule ya bweni hadi amalize kidato cha nne. Na badala yake inataka sharti moja, kwamba atakapotoka shule aichezee klabu hiyo kwa muda wa miaka minane, wala asihamie kwingine, ndani ya nchi wala nje yake, illa kwa idhini yao ya maandishi. Jina la klabu naliacha, maadamu mambo hayajaisha.

Mama hakuja kuuliza kama inafaa mtoto wa kike acheze. Hilo alikwisha kulikata mwenyewe, na wale waliomnong'oneza juu ya kaptula na safari za mbali aliwasikiliza kwa adabu, kisha akaenda zake kumnunulia binti viatu. Alichotaka kujua ni kama atie sahihi au asitie. Walikuwapo alasiri ile mzee wetu, aliyekuwa karani wa bandari ya Kilindini, mwalimu wa sekondari ambaye katika ujana wake aliichezea timu ya shirika moja kule Nairobi, na wakili kijana, mtoto wa nduguye mzee. Mimi nilikuwa mwenye baraza. Nayaandika maneno yao kwa kadiri nilivyoyahifadhi, kwa kuwa wako akina mama wengi ambao karatasi ya namna ile itawafikia mahali pasipo na baraza.

MZEE: Mwanangu, mimi naona umeletewa neema mlangoni, nawe unaiuliza jina la baba yake. Mtoto huyu angekwenda shule gani kwa fedha ya viazi? Watu hawa wamemwona angali hana jina, wakakubali kumlisha na kumsomesha pasipo kujua kama goti lake litahimili au halitahimili, na mtu anayetoa mali yake kwa ajili ya jambo lisilo na yakini ana haki ya kungoja matunda. Hakuna apandaye mnazi ili jirani aje akwee. Tena ulitazame jambo hili kwa upana wake. Mpira wa wavu wa wanawake katika Kenya haukujengwa na matajiri wanaonunua na kuuza wachezaji. Umejengwa na Magereza, na benki ya KCB, na Kenya Pipeline inayosukuma mafuta kutoka hapa hapa mjini kwetu kwenda bara. Mashirika hayo yaliwaajiri wasichana, yakawapa kazi na mshahara wa mwezi, na kwa mikono ya wasichana hao nchi ikatwaa ubingwa wa Afrika mara tisa baina ya mwaka 1991 na 2015, kisha mara ya kumi mwaka 2023 kule Yaoundé, walipoishinda Misri katika fainali. Je, yangepatikana hayo lau kila msichana angalihama kila msimu, kama jahazi linalongoja upepo wa kusi?

Mwalimu alikuwa amekwisha kuiweka chini kahawa yake kabla mzee hajafika mwisho, walakini hakumkatiza.

MWALIMU: Mzee wangu, uliyoyasema juu ya mashirika ni kweli, na shahidi wake ni mimi. Nilifika Nairobi na sanduku la bati na barua ya kocha, nikapewa kazi ya kupanga faili, na kila siku ifikapo saa tisa alasiri gari hutuchukua kwenda uwanjani. Kazi ya kwanza niliyofunzwa haikuwa kupiga, ilikuwa kupokea: kocha husimama juu ya meza upande wa pili wa wavu, akatutwangia mipira mia kwa siku, na kila mmoja sharti uinuke uende pale pale alipo yule mwenzetu anayewainulia wapigaji, si hatua mbili mbele yake wala moja nyuma. Wiki ya kwanza mikono hii, tokea kifundo hadi kiwiko, iliiva kama embe. Wavu wa wanawake ni mita 2 na sentimita 24 kutoka ardhini, na sisi tulikuwa tukiurukia mara nyingi kwa siku kiasi cha kusahau hesabu, juu ya saruji. Na naomba mama alijue hili, ya kwamba kuruka hakumdhuru mtu, kinachomla mchezaji ni kutua. Goti langu la kushoto lilikwisha mwaka wa tisa. Shirika halikunitupa: walinirudisha kwenye faili, nikaweka akiba, nikasomea ualimu. Kwa hayo nawashukuru hata leo.

Akanyamaza kidogo, akalinyoosha goti lile lile kama afanyavyo kila akikaa muda mrefu.

MWALIMU: Lakini katika faili zile nilizorudishiwa, siku moja nikakuta barua yenye jina langu. Ilikuwa imetoka klabu moja ya ng'ambo, imeandikwa miaka minne nyuma, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu nami naruka kuliko nilivyopata kuruka kabla yake au baada yake. Walikuwa wakiniulizia. Na nyuma yake nakala ya jibu, mistari miwili, kwamba mchezaji huyo hana nafasi. Hakuna aliyeniuliza mimi kama ninayo. Niliitia barua mahali pake kwa kufuata herufi, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, nikafunga kabati.

Kwa kitambo hapakuwa na aliyesema. Nimemjua mwalimu huyu miaka kumi na miwili na sikupata kuyasikia hayo. Na ninavyomjua, asingeyatoa siku ile kama si kwa ajili ya yale maneno matatu yaliyokuwa katika karatasi ya mama, idhini ya maandishi. Hatimaye wakili akaomba ruhusa.

WAKILI: Ami, niwie radhi, kwa kuwa nitasema kinyume chako mbele ya watu. Nataka niwaeleze habari ya mwanamke mmoja wa Korea Kusini, Kim Yeon-koung, aliyezaliwa mwaka 1988 katika mji wa Ansan, ambaye wengi waujuao mchezo huu humhesabu katika wachezaji wakubwa kabisa waliopata kutokea. Utotoni hakuwa mrefu. Aliingia uwanjani kwa kumfuata dada yake, na hata alipokuwa mwanafunzi wa shule ya kati kimo chake kilikuwa hakijatimia sentimita 170, akakalishwa benchi, akafikiri kuacha; na kwa kuwa hakuweza kupiga juu ya mikono ya wenye kuzuia, makocha walimweka katika kazi za nyuma, za kupokea na kuokoa, zile ambazo hazipigiwi makofi. Kisha, katika miaka michache ya sekondari, akarefuka kwa zaidi ya sentimita 20, akaja kukoma kwenye 192. Ikawa sasa yuko mtu mwenye kimo cha minara yote ya wavuni, naye apokea mpira kama yule mfupi aliyekuwa zamani.

MWALIMU: Hilo ndilo ninalowaambia wasichana wangu kila siku, na hawaniamini. Warefu hawataki kuinama.

WAKILI: Mwaka 2005 akaingia klabu ya Heungkuk Life, na katika msimu wake wa kwanza akatajwa mchezaji bora wa ligi na bora wa chipukizi kwa pamoja. Aliichezea misimu minne, nayo katika misimu hiyo ikachukua ubingwa mara tatu. Mwaka 2009 ikamkopesha kwa JT Marvelous ya Japani, akakaa miaka miwili. Mwaka 2011 ikamkopesha kwa Fenerbahçe ya Istanbul, na Machi 2012 Fenerbahçe ikatwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, mchezaji bora akiwa ni yeye. Miezi mitano baadaye, katika Olimpiki ya London, alitia pointi 207 katika mechi nane. Timu yake ilimaliza ya nne, haikupata nishani, na juu ya hivyo akachaguliwa yeye kuwa mchezaji bora wa mashindano yote ya wavu ya wanawake, jambo ambalo aghlabu humwendea mtu wa timu iliyoshinda. Alikuwa na miaka 24.

MZEE: Mashaallah. Na hoja iko wapi?

WAKILI: Hoja ni kwamba mwaka ule ule, kwao, aliambiwa si huru. Kaida ya ligi ya Korea ilisema kuwa mchezaji hawi mwenye khiyari ya kwenda atakako mpaka atimize misimu sita. Yeye akahesabu: minne nyumbani, mitatu ugenini, jumla saba. Klabu ikajibu kwamba ile mitatu haihesabiwi, kwa kuwa ilikuwa ya mkopo. Tazameni mas'ala haya yalivyo. Miaka aliyotolea jasho kule Osaka na Istanbul ilikuwa ni miaka ya kweli katika magoti yake, ilikuwa ni miaka ya kweli katika umri wake, wala katika karatasi haikuwako! Shauri likapanda hadi Shirikisho la Kimataifa, likazungumzwa hata na wabunge wa nchi yake, na halikwisha kabisa mpaka mwaka 2014, alipokuwa mtu wa miaka 26. Sasa, Ami, binti wa mama huyu akimaliza shule na miaka 18, ongeza minane ya karatasi hii.

Mzee alihesabu kwa vidole juu ya fimbo yake, ingawa hesabu ilikuwa nyepesi na yeye ni mtu aliyefanya kazi ya hesabu umri wake wote.

MZEE: Ishirini na sita. Nimefahamu. Lakini nawe mwanangu unafanya insafu upande mmoja. Aliyemtoa benchi akamfanya mtu ni nani, si watu wa kwao? Klabu ile haikuwa na neno la kusema? Leo kila mtu anayajua makombora ya mwanamke huyo. Nani alikuwa akimjua alipokuwa na sentimita 170? Ukiwafunza watu kwamba anayefadhili hana haki, kesho hakuna atakayefadhili, na watakaoumia si mabingwa wa London, ni watoto wa wauza viazi.

Hapa sharti niseme kwamba neno hili la mzee ndilo zito kuliko yote yaliyosemwa upande wake, na mimi sikuwa na jibu lake papo hapo, wala sidhani kwamba ni insafu kulipita kana kwamba halikutamkwa. Wakili naye hakulipita.

WAKILI: Klabu ilikuwa na haki, Ami, nayo ililipwa: mataji matatu, na fauka ya hayo sifa ya kuwa pale ndipo alipotokea. Swali si kama ana deni, swali ni deni hilo lina mwisho au halina. Sikilizeni basi mwisho wa habari yenyewe. Baada ya kuwa huru alikaa Fenerbahçe hadi 2017, akaenda Shanghai, akarudi Istanbul katika klabu ya Eczacıbaşı. Mwaka 2018, akiwa bado ugenini na hana faida yake mwenyewe ndani yake, alisema hadharani kwamba ligi ya kwao imewawekea wanawake dari ya mishahara ya won bilioni 1.4 kwa timu, ilhali ya wanaume ni bilioni 2.5, na kwamba wanawake peke yao waliongezewa sharti la kuwa mchezaji mmoja asipokee zaidi ya robo ya fungu hilo. Ni dhuluma iliyoandikwa kwa tarakimu, na ilihitaji mtu asiyeweza kutishwa ndipo isemwe. Halafu mwaka 2020, mashindano yote ya dunia yalipofungwa na maradhi, akarudi nyumbani. Alirudi wapi? Heungkuk Life, klabu ile ile! Wakati huo dari ilikuwa imepanda, na klabu ingeweza kumlipa hadi won milioni 650; yeye akataka milioni 350, ili fungu lisiishe kwake na wenzake wakakosa.

MZEE: Alirudi mwenyewe?

WAKILI: Kwa hiari yake. Alichodaiwa kama deni akazuiwa kwacho, alikuja kukitoa kama hiba. Na hakurudi kufa hapo kama ndovu mzee. Aprili 2025, na umri wa miaka 37, aliingia katika mechi ya tano ya fainali, ya mwisho katika maisha yake ya uchezaji, akatia pointi 34, Heungkuk ikawa bingwa, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali, kisha akastaafu. Lau angalifungwa miguu mwaka 2012, Ami, je, klabu ile ingaliipata siku hiyo?

Mzee hakujibu mara moja. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba aliyetaka milioni 350 ni mwanamke mwenye murua. Na nilivyomwona, habari hiyo ya kupunguza ujira wake kwa ajili ya wenzake ilimwingia kuliko yale mataji yote. Lakini mwalimu, ambaye nilidhani angekuwa wa kwanza kuunga mkono, alitikisa kichwa.

MWALIMU: Mimi nampenda mwanamke huyo kuliko unavyompenda wewe, wakili, kwa sababu naijua gharama. Katika Olimpiki ya Tokyo ilitoka picha ya paja lake, mishipa midogo imepasuka chini ya ngozi, wekundu umeenea pembezoni mwa utepe aliofungiwa, na kesho kutwa yake akacheza seti tano na Japani, akashinda ile ya mwisho kwa 16 kwa 14. Lakini nakuonya usimtungie kila mtu sheria kwa kipimo chake. Mmoja katika elfu hutakiwa na Istanbul. Wale mia tisa tisini na tisa, ukiwaambia wavunje mkataba wafuate bahati, watarudi na goti lililokwisha na begi la nguo, wala hawatakuta faili ya kupanga.

Wasichana wetu walikutana naye huko huko, tarehe 27 Julai 2021, katika uwanja wa Ariake usio na mtazamaji hata mmoja. Tulifungwa seti tatu kwa bila, na watu wakasema ndivyo tulivyozoea. Lakini mimi niliitazama seti ile ya tatu nikiwa nimesimama, maana ilifika 26 kwa 24, na kati ya timu yake na yetu zilibaki pointi mbili. Nahodha wetu, Mercy Moim, alikuwa mmoja wa waliobeba bendera ya nchi siku ya ufunguzi, na alikuwa mtu wa timu ya Magereza. Kwa hiyo ajira ile ya nyumbani siyo kitu cha kubezwa. Ndiyo iliyotufikisha kwenye pointi mbili. Na pointi mbili zilizobaki, mimi naamini ziko katika kucheza kila juma na watu kama yule: ndizo zilizokuwa ndani ya barua yangu. Sharon Chepchumba alipokwenda Ugiriki kuichezea Aris ya Thessaloniki, nilifurahi kama aliyekwenda ni mimi.

MZEE: Basi unataka nini, Mwalimu? Abaki au aende?

MWALIMU: Nataka aweze kwenda na aweze kurudi. Mtazame marehemu Janet Wanja. Aliichezea Kenya Olimpiki ya Athens mwaka 2004, na miaka ishirini baadaye akaenda Olimpiki ya Paris na timu ile ile, akiwa sasa ni mkufunzi wa siha ya wachezaji, mpaka maradhi yalipomchukua Desemba ya mwaka huo huo. Mchezaji mzuri ana kazi mbili za maisha, ya kwanza mwilini na ya pili kichwani, na karatasi inayoizungumza ya kwanza peke yake, hata ikiwa ya miaka mitatu, kwangu ni karatasi mbovu.

Muda wote huo mama alikuwa amekaa ukingoni mwa baraza, kitambaa cha mahamri mapajani, na sisi, nakiri, tulikuwa tumefika Korea na Ugiriki tukamwacha Kibokoni. Alipozungumza hakuuliza habari za Istanbul.

MAMA: Mimi nina maswali madogo, kama mtaniruhusu. Mwanangu akivunjika mguu mwaka wa tatu wa ile minane, nani atamtibu? Hapo pameandikwa matibabu, lakini naona ni ya wakati wa shule.

Wakili akafunua ukurasa wa pili, akasoma, akasema ni kweli, ni ya wakati wa shule tu.

MAMA: Na akikaa nje mwaka mzima anauguza mguu, mwaka huo unahesabiwa katika minane, au ni kama ile ya yule mwanamke, haiko?

Wakili akasoma tena. Hapakuandikwa.

MAMA: Na akiolewa? Akipata mimba, Mungu akipenda, miezi ile ni ya nani? Atalipwa, au atasimamishwa na miaka isimame naye, hata awe na miaka thelathini na mitatu bado anadaiwa?

Hapa mzee akakohoa. Ningependa kuandika kwamba mmoja wetu wanaume alikuwa amelifikiria hilo kabla hajaulizwa, hatukulifikiria. Mwalimu ndiye aliyejibu, kwamba katika miaka yake tisa aliwaona wenzake watatu wakificha matumbo chini ya fulana pana mpaka mwezi wa tano, kwa kuwa mkataba haukusema neno, na mahali mkataba usiposema, husema mkubwa.

MAMA: Na la mwisho. Hiyo miaka minane, ni mshahara gani? Naona imeandikwa kucheza, sioni imeandikwa kulipwa.

WAKILI: Imeandikwa atalipwa kwa kadiri ya utaratibu wa klabu.

MAMA: Mimi nikiuza viazi kwa kadiri ya utaratibu wa mteja, tutalala njaa.

Mzee akaitaka karatasi. Akatoa miwani yake, akaisoma yote mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo, kama alivyokiri baadaye, hakuwa amelifanya alipokuwa akiitetea. Na alipoimaliza alisema maneno ambayo kwangu yalikuwa ya heshima kuliko kama angalishinda hoja.

MZEE: Nilikuwa nikisema juu ya fadhila. Hii si fadhila. Mfadhili hutaja anachotoa kwa hesabu na anachotaka kwa staha. Hawa wametaja wanachotaka kwa hesabu, na wanachotoa wamekiacha kwa utaratibu. Mimi katika bandari nimepokea shehena miaka thelathini na minne, na hati ya shehena ikija namna hii, uzito umeandikwa upande mmoja na upande wa pili patupu, huipokei, hata nahodha akiwa ndugu yako.

Basi nami nitoe yangu, kwa kuwa mwenye baraza hawezi kujificha nyuma ya wageni wake. Mimi nasadiki kwamba mwili wa mchezaji una msimu mfupi kuliko wa kazi yoyote niijuayo, mfupi kuliko wa baharia na wa mpagazi, na kwamba baina ya miaka kumi na minane na ishirini na sita ndipo ulipo ubora wake mwingi. Anayeichukua yote minane, hata akiwa alisomesha, amechukua mtaji na faida na nyumba ya kukalia. Deni la karo ya miaka miwili na ushei halilingani na hayo. Lilipwe, liandikwe kwa shilingi au kwa misimu miwili, mitatu kwa wingi, na kila msimu uhesabiwe popote utakapochezwa, hapa au ugenini, kwa mkopo au kwa mauzo, mzima au mgonjwa, kwa sababu mwili wenyewe hautambui tofauti hizo. Na barua yoyote itakayomwulizia isomwe na yeye kwanza. Kama klabu itakataa hayo, nasema kwa uchungu, kwa kuwa najua fedha ya viazi ni kiasi gani, asitie sahihi, na sisi wa mtaa tutafute karo mahali pengine. Mzee alisema atatoa ya muhula wa kwanza. Mwalimu alisema ziko shule zenye sifa katika mchezo huu, kama Kwanthanze kule Machakos, na yeye atawaandikia wakuu wake kabla ya mwezi kwisha.

Jua lilikuwa limeanguka nyuma ya nyumba, na kutoka uani kwa mama, nyumba ya tatu, tukasikia mpira unagonga ukuta na kurudi, unagonga na kurudi, kwa mwendo mmoja. Mwalimu akanyanyuka akaenda kuchungulia kwenye uchochoro. Aliporudi alituambia kwamba binti hapigi, anapokea. Amejichorea duara dogo kwa chaki ukutani, na mpira ukimrudia huinama, akaunganisha mikono, akaurudisha mle mle duarani bila kuinua mabega, na mikono imemwiva.

Wakili alikuwa amekwisha kuandika pembeni mwa ukurasa wa pili, kwa kalamu ya mzee, masharti mapya matano. Akamsomea mama moja moja, naye akisikiliza huku macho yake yakielekea upande ule unaotoka mlio wa mpira. Yalipokwisha hakusema kama yamempendeza. Alisogea karibu, akaweka kidole juu ya mstari mmoja.

"Hapa penye miaka," akasema, "nisomee tena."